Ng'ombe wa 1938 na Kura za Leo



Kuna usemi unaozunguka katika nchi yetu ya ukame na mawe. Husemwa mazishini, husemwa kwenye harambee, na husemwa nje ya kanisa ibada inapokwisha. Una sehemu mbili. Ya kwanza yasema: mkulima na ashike jembe lake, siasa awaachie wenyewe. Ya pili yasema: kura za Wakamba zitiwe zote katika kapu moja, na kapu hilo abebe mtu mmoja. Wanaoyasema haya hujiita wapenda umoja. Sisi tunayakataa yote mawili, na tunayakataa hadharani. Tunasema kwamba sehemu ya kwanza ni tusi kwa baba zetu, na ya pili ni ule utawala wa chama kimoja uliofukuzwa kwa mlango wa mbele, ukarudi kwa mlango wa nyuma umevaa nguo za kabila.

Ili hoja yetu isionekane kuwa hasira tupu, tuanze na habari ya mtu mmoja na mifugo yake.

Mtu huyo ni Samuel Muindi Mbingu wa Ngelani, katika vilima vya Iveti karibu na mji wa Machakos. Katika siku zake Makueni haikuwa wilaya; ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na ilibaki hivyo hadi 1992. Kwa hiyo habari zake ni habari zetu, si za jirani. Leo jina lake liko katika mtaa mmoja wa Nairobi, na maelfu hupita hapo kila siku wakienda sokoni pasipo kujua kwamba wanakanyaga historia ya mchungaji wa ng'ombe aliyeitikisa serikali ya kikoloni.

Katika miaka ya 1930 maafisa wa serikali walitazama vilima vya Ukambani wakaona mmomonyoko wa udongo. Hawakudanganya, mmomonyoko ulikuwepo, na makorongo yalikuwa yakila mashamba. Lakini walipotafuta sababu, waliiona moja tu: ng'ombe ni wengi mno, na mwenye ng'ombe ni mjinga. Hawakutaka kuikumbuka ile mipaka waliyoichora wenyewe. Hawakutaka kukumbuka kwamba malisho ya Mua yaligeuzwa kuwa mashamba ya walowezi, na kwamba uwanda wa Yatta uliitwa ardhi ya serikali, Mkamba asipeleke ng'ombe wake huko ila kwa ruhusa. Mtu akifungiwa katika chumba kidogo kisha akalaumiwa kwa kupumua hewa nyingi, hiyo si elimu ya udongo. Hiyo ni dhuluma.

Mwaka 1938 amri ya kupunguza mifugo ikatekelezwa kwa nguvu. Ng'ombe walihesabiwa, wakapigwa chapa, na waliozidi hesabu ya serikali wakapelekwa mnadani kwa bei ya chini. Na hapo Athi River palikuwa na kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilichokuwa kikisubiri ng'ombe wa bei hiyo. Wananchi waliambiwa kwamba hayo yote yalikuwa kwa faida yao wenyewe. Tunaomba msomaji ayashike maneno hayo, kwa maana tutayakuta tena mbele.

Wakamba hawakushika mikuki. Waliunda Ukamba Members Association, na Muindi Mbingu akawa miongoni mwa viongozi wake. Waliandika barua. Walituma simu za maandishi hadi London kwa waziri wa makoloni. Waliungwa mkono na Kikuyu Central Association, na katika Baraza la Kutunga Sheria mjumbe Isher Dass aliwasemea. Barua zilipokosa jibu la maana, mnamo Julai 1938 wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya elfu moja, walitembea kwa miguu hadi Nairobi ili wamwone Gavana Sir Robert Brooke-Popham. Gavana hakukubali kuwaona huko. Wakakaa. Wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, kwa utulivu, wakila walichobeba na walichopewa na ndugu zao, hadi Gavana alipokubali kuja kuonana na watu Machakos mwezi wa Agosti.

Serikali ilikuwa na sababu ya kuogopa. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na mtu aliyevaa sare Nairobi alikuwa na mama yake nyumbani ambaye ng'ombe wake walikuwa wamechukuliwa. Ikafanya kama wafanyavyo watawala wote walioshindwa kujibu hoja: ikamkamata mwenye hoja. Muindi Mbingu alihamishwa kwa nguvu akapelekwa Lamu, mbali na vilima vyake. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha, uuzaji wa lazima ulikuwa umesitishwa. Mtu alifungwa, lakini hoja yake ilishinda. Chama chao nacho kilipigwa marufuku mwaka 1940, pamoja na Kikuyu Central Association na Taita Hills Association, vita vilipotumiwa kuwa kisingizio cha kunyamazisha watu.

Sasa tuulize: yule anayesema siasa si kazi ya mkulima, angewaambia nini wale waliolala Kariokor? Angewaambia warudi nyumbani wakashike majembe? Ni nani aliyewatetea ng'ombe wa Ukambani, kama si wenye ng'ombe wenyewe?

Na tuendelee na habari ya udongo, maana nayo ina fundisho. Amri za lazima zilikuja na kupita. Lakini katika miaka iliyofuata wakulima wa Machakos na Makueni walichimba matuta ya fanya juu shamba kwa shamba. Amri ya ukoloni ilikuwa na sehemu yake, hatukatai; lakini kazi iliyodumu ni ile watu waliyoichagua, hasa akina mama wa mwethya, waliochimba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya ya Machakos ya zamani, Makueni ikiwemo, kuanzia 1930 hadi 1990. Walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno yakaongezeka. Wale maafisa wa 1938 walikuwa wametabiri jangwa. Mkulima aliyeitwa mjinga aliithibitisha akili yake kwa jembe lake. Je, mtu anayeweza kuuokoa udongo ambao wataalamu waliukatia tamaa, hawezi kuisoma bajeti ya kaunti?

Wala jambo hili si la Ukambani peke yake. Katika Marekani, kabla haijawa nchi huru, aliishi mtu aliyeitwa John Dickinson, aliyezaliwa 1732. Bunge la Uingereza lilipowatoza watu wa makoloni kodi juu ya karatasi, kioo, rangi na chai, yeye aliandika barua 12 katika magazeti, kuanzia mwishoni mwa 1767, akijiita mkulima wa Pennsylvania. Tuseme kweli: alikuwa pia mwanasheria na tajiri, na alimiliki watumwa, ingawa baadaye aliwaacha huru. Hatumtaji kama malaika. Tunamtaja kwa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba alipotaka kusema na watu juu ya kodi na haki, alichagua jina la mkulima, maana alijua kwamba hakuna mwenye haki zaidi ya kuuliza habari ya kodi kuliko mtu aishiye kwa jasho lake. Akawaonya kwamba kodi kuwa ndogo si sababu ya kunyamaza. Anayekubali jambo dogo lisilo halali amekwisha kulifungulia mlango jambo kubwa. La pili ni hili: mwaka 1776, wenzake walipotia saini tangazo la uhuru, yeye aliona wakati haujafika, akakataa kutia sahihi. Wengi walimlaumu. Lakini hakwenda upande wa adui. Alishika silaha katika jeshi la wananchi, na mwaka 1787 alikuwa miongoni mwa walioitunga katiba ya nchi yake. Taifa lile halikubomoka kwa sababu mtu mmoja alitofautiana na wenzake. Kutofautiana si usaliti. Hilo ndilo tunalotaka lisikike kutoka Mwingi hadi Kibwezi.

Maana sisi Wakenya tumekwisha kuonja nchi ambayo kutofautiana kuliitwa usaliti. Mwezi wa Juni 1982 kifungu cha 2A kilitiwa katika Katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tuliambiwa ni kwa ajili ya umoja. Tuliambiwa ni kwa faida yetu wenyewe. Msomaji anakumbuka wapi tuliyasikia maneno hayo? Mwaka 1988 ukaja uchaguzi wa mlolongo, watu wakapanga foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, na mara nyingi mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Aliyepata asilimia 70 katika foleni hiyo alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, pasipo kura ya siri. Mwananchi alihesabiwa kama ng'ombe wa 1938: akasimamishwa mstarini, akatiwa hesabuni, na hesabu yenyewe ikatoka kwa mwingine.

Kanisa halikunyamaza lote. Wachungaji waliokutana chini ya NCCK walikuwa wameupinga mlolongo tangu Agosti 1986. Okullu, Gitari, Muge na Njoya walihubiri wakijua gharama yake. Maaskofu Wakatoliki waliandika barua za kichungaji. Na tunamkumbuka kwa heshima mwana wa Ukambani, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki wa Mwala, aliyekuwa Askofu wa Nakuru wakati wa mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, akawatetea waliofukuzwa makwao pasipo kuuliza ni wa kabila gani. Angeweza kusema, hawa si Wakamba, hayanihusu. Hakusema hivyo.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwaka uliofuata wananchi wa Kitui ya Kati walimchagua mwanamke, Charity Ngilu, kwa tiketi ya chama cha upinzani, na mwaka 1997 akagombea urais wa Kenya. Mwaka huohuo wa 1997 mwana wa Makueni, Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria na mwandishi wa tamthilia, alikuwa miongoni mwa waliolisemea Baraza la NCEC lililodai katiba mpya kabla ya uchaguzi. Siku ya Saba Saba mwaka huo polisi waliingia hadi ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, wakawapiga watu mahali pa sala. Katiba tuliyoipata tarehe 27 Agosti 2010 ililipiwa kwa damu ya aina hiyo. Haikuletwa na kapu.

Na wakati wa ugatuzi ulipofika, wananchi wetu walionyesha kwamba wanajua kuchagua. Mwaka 2013 Makueni ilimchagua gavana kwa tiketi ya Muungano, ingawa upepo mkubwa wa Ukambani ulivuma upande mwingine. Mwaka 2017 Kitui ilimchagua gavana kwa tiketi ya Narc. Kama viongozi hao walifanya vyema au vibaya, hilo kila mwananchi ana haki ya kulipima, na wengine wamelipima kwa ukali. Lakini jua halikukataa kuchomoza. Kabila halikupasuka. Mvua haikukoma kwa sababu ya kura, maana hata pale tulipopiga kura pamoja ilikuwa haba.

Tunajua jibu la wenye kapu. Wanasema: jamii nyingine zinapiga kura pamoja; tukitawanyika tutaachwa nje ya serikali, na barabara na maji vitakwenda kwa wengine. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana mama anayetembea nusu siku kutafuta maji ana haki ya kuuliza njia ya karibu. Lakini na tuipime. Kwanza, Katiba ya 2010 iliamuru kwamba sehemu ya mapato ya taifa isiyopungua asilimia 15 iende kwenye kaunti zote, zilizompigia kura Rais na zisizompigia. Fedha hizo si zawadi ya mfalme. Maji yakikosekana nazo zikiwa zimefika, swali la kwanza laulizwa Kitui na Wote, si Nairobi. Pili, mtu akijua kwamba kura zako zote ni zake hata kabla hujafumbua kinywa, ana haja gani ya kukuchimbia kisima? Mnunuzi hapandishi bei ya ng'ombe aliyekwisha kufungwa kamba.

Wala sisi hatuupingi umoja. Waliokwenda Kariokor mwaka 1938 walikuwa wameungana kuliko sisi tulivyowahi kuungana. Lakini umoja ule ulitoka chini. Jambo lilijulikana, lilijadiliwa, na kila aliyetembea alijua anatembea kwa sababu gani. Umoja wa mwethya ni wa namna hiyohiyo: leo tunachimba kwako, kesho kwangu, na asiyefika huulizwa sababu, awe tajiri awe maskini. Umoja wa kapu ni kinyume chake. Mtu mmoja huketi hotelini na wenzake, hupatana juu ya vyeo, kisha hurudi kutuambia sisi tuungane. Wa kwanza ni umoja wa watu. Wa pili ni umoja wa zizi.

Kwa makanisa yetu tuna neno la upendo na la uchungu. Mimbari iliyowahi kuukemea mlolongo haiwezi leo kukodishwa kwa bahasha. Tunajua paa linavuja na viti vimevunjika. Lakini Esau naye alikuwa na njaa ya kweli, na bado Maandiko hayamsifu kwa kuuza haki ya uzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Sisi tunaopanda ndengu twaijua bei yake. Tusiiuze nchi kwa sahani moja. Mwezi wa Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliikataa michango ya wanasiasa, ukiwemo wa Rais wa nchi. Kama hilo liliwezekana huko, linawezekana katika kanisa la mabati huku kwetu. Sadaka ya mwanasiasa na iingie katika kikapu kama ya mjane, pasipo kipaza sauti.

Basi tufanye nini? Tusiishie katika kulalamika, maana Muindi Mbingu hakulalamika tu.

Tuandike. Kifungu cha 37 cha Katiba chatupa haki ya kukusanyika, kuandamana kwa amani bila silaha, na kuwasilisha malalamiko kwa walio madarakani. Kifungu cha 119 chatupa haki ya kulipelekea Bunge ombi. Barua ya ukurasa mmoja, yenye majina na sahihi za watu wa kijiji, ni kitu kizito. Mwaka 2014, serikali ya kaunti ya Makueni na bunge lake waliposhindwa kupatana, wananchi walitia sahihi kwa maelfu ombi la kuvunja serikali hiyo. Tume ikaundwa, ushahidi ukasikizwa, ingawa mwaka 2015 Rais aliamua kutoivunja. Wengine husema kazi ile ilikuwa bure. Sisi twasema hapana: tangu siku ile kila mkubwa wa kaunti anajua kwamba mkulima ana kalamu.

Tuhudhurie mikutano ya bajeti, wala tusiende kwa ajili ya soda. Tuulize bwawa hili litagharimu kiasi gani, nani amepewa kazi, na litakwisha lini. Tuulize mchanga wa mito yetu unaenda wapi na nani anafaidika.

Tujiandikishe kupiga kura, na tuwahimize vijana wetu. Siku ya kura tukae hadi matokeo ya kituo yatangazwe na fomu ibandikwe, tuyanakili, tuyahifadhi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyoletwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, hayawezi kubadilishwa Nairobi. Lakini uamuzi huo hauna nguvu pale ambapo wananchi wamekwenda kulala kabla hesabu haijaisha.

Na atakayekuja kutuomba kura kwa jina la kabila, tumwulize kwa heshima, kama tunavyomwuliza mgeni: umetutendea nini, utatutendea nini, kwa fedha gani, na tukikukuta umekosa tutakuondoa kwa njia gani? Akijibu, tumsikilize, awe wa chama chochote. Akikasirika, tumekwisha kupata jibu.

Mwaka 1938 walikuja watu wenye vitabu vya hesabu, wakahesabu ng'ombe wa baba zetu, wakatuambia ni kwa faida yetu. Baba zetu walitazama hesabu ile, wakasema: ng'ombe ni wetu, nasi tutasema habari zao wenyewe. Leo zinahesabiwa kura zetu kabla hatujazipiga, eti Kitui ni kiasi hiki, Makueni kiasi hiki, zote za fulani. Wana wa wale waliolala Kariokor watasema nini?

Sisi tumesema letu. Wewe msomaji, lisome kwa jirani, kisha mwandike barua yenu.